Mabakuli Sita na Sahani Saba

Biashara ya Shifa ilianza kwa talaka. Aliporudi kwa mamake, kwenye nyumba ya vichochoroni nyuma ya Ngome ya Yesu, alirudi na hotpoti kumi na moja, deli saba za kahawa, na seti za vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai. Zote zilikuwa zawadi za harusi. Mamake alilia siku tatu. Siku ya nne Shifa akazipanga hotpoti kwenye ngazi, akazipiga picha kwa simu, akaziuza zote kabla ya adhuhuri. Ya mwisho ilinunuliwa na shangazi wa yule mume aliyemwacha, akaisifu sana, wala hakukumbuka kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeileta harusini.

Ukimuuliza sababu ya talaka, Shifa hakufichi. "Mimi sikujua kupika," atakwambia, "na yeye hakujua kunyamaza."

Huu ni mwaka wa sita tangu siku hiyo, na Vyombo vya Shifa ni duka lisilo na mlango. Asubuhi hupanda darini kwenye mwanga mzuri, akapiga picha za sahani na bilauri, kisha akazirusha mtandaoni pamoja na maneno yake. Hapendi kuandika. Yeye huzungumza, na sauti yake hiyo ndiyo duka lenyewe. "Habibty," atasema, taratibu kama anayepaka siagi, "birika hili ukiliweka mezani, hata wifi yako atakosa la kusema." Wanawake wa Kisauni na Changamwe ambao hawajamwona hata siku moja hununua birika la tatu kwa sababu tu wameitwa habibty.

Mteja akishalipa, Shifa hufunga bidhaa kwa magazeti, akaitia ndani ya boksi, akaandika jina la mteja juu kwa kalamu nene. Jina tu, basi. Mji wa Kale hauna anwani ya kuandikika, na Shifa aliyezaliwa humo haoni kwa nini dunia iliyobaki iwe na mambo tofauti. Maelekezo humpa Kitsao kwa mdomo. Kitsao ndiye mwenye pikipiki, mtu mzima mwenye masharubu na watoto wanne, mwaminifu kupita kiasi, ila ana kasoro moja ambayo Shifa alikuja kuijua akiwa amechelewa.

Jumatano moja, kumi la mwisho la Ramadhani likiwa limeanza, Shifa alifungua simu akakuta ujumbe wa sauti kutoka kwa mteja wa Ganjoni anayeitwa Nekesa.

"Wewe mama wa vyombo," ilisema sauti. "Mimi ni mtu wa kazi, nashinda bandarini na makaratasi ya makontena, sina wakati ya kubembelezwa. Nililipa bakuli sita za kioo, zile za mdomo wa dhahabu. Leo ni siku ya saba. Jumapili akina mama wa kanisa wanakuja kwangu, niwape mchuzi kwa kiganja? Na usiniambie eti mzigo umekwama mahali. Nyanya wa hapa chini anazo hizo hizo! Juzi ameniletea tambi ndani ya moja. Muuzaji wake ni mtu wa Mungu, wewe ni mwizi. Nimekupeleka kwa Winnie."

Shifa akaketi chini palepale, juu ya boksi la bilauri.

Winnie ni mwenye kundi. Sura yake haijulikani, ila kila mwenye kuuza kitu mtandaoni Mombasa anamwogopa. Kundi lake lina wanawake elfu ishirini, na lina ukuta wa wezi. Muuzaji akishtakiwa, Winnie humpa siku moja. Asipomridhisha mteja, jina na picha yake hupandishwa ukutani, na hakuna tena wa kununua kwake hata kijiko. Muuza nywele mmoja alipandishwa mwaka jana, akabadilisha jina akaanza upya. Shifa naye angeweza kubadilisha jina. Lakini sauti angeibadilisha vipi?

Na kweli tangazo lilikuwepo: *Vyombo vya Shifa. Mpaka kesho saa kumi na mbili jioni.*

Alimwita Kitsao. Kitsao alikuja mbio, kofia ya pikipiki kwapani, akakana mashtaka kabla hajasomewa.

"Bi Shifa, nilifikisha. Haki ya Mungu nilifikisha. Picha nilikutumia."

Picha ilikuwepo. Boksi, jina NEKESA juu yake, mlango wa kijani, na pembeni ncha ya mswala. Shifa aliikuza kwa vidole. Huyu mteja kwa jinsi anavyotaja akina mama wa kanisa, mswala wa nini nyumbani kwake?

"Kitsao, nilikwambia ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Na hapa ni ghorofa ya ngapi?"

Kitsao akaitazama kofia yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. "Lile jengo ngazi zake ndefu, Bi Shifa. Na pikipiki nikiiacha chini peke yake, roho hainitulii. Kulikuwa na mama mtu mzima pale chini, mlango wazi, anaswali alasiri. Nikaona mtu anayeswali hawezi kuwa mwizi. Nikaweka boksi ndani ya mlango taratibu, nikapiga picha, nikaondoka. Nikajua akitoa salamu ataliona jina, atampa mwenyewe."

Shifa alitaka kumpigia kelele, lakini ghafla akakumbuka lile neno la nyanya wa chini na tambi. Mabakuli yale ya mdomo wa dhahabu alikuwa ameyanunua yeye peke yake mjini, katoni nzima, na alijua kila moja limekwenda kwa nani. Ganjoni yalikwenda sita tu.

"Kitsao," alisema, na tabasamu ikamjia bila kuitwa, "yule mwanamke amekula tambi kwenye bakuli lake mwenyewe, kisha akaja kunishtaki."

Alhamisi baada ya adhuhuri walikwenda, Shifa kwa tuktuk kwa kuwa pikipiki haipandi hata kwa dawa, Kitsao akimfuata nyuma. Jengo lilikuwa la ghorofa nne, nguo zimeanikwa kila varanda. Mlango wa kijani ulikuwa wazi, na harufu ya iliki na nazi ilitoka humo ikamkuta Shifa na saumu yake uani.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu, karibu. Pita ndani, jua kali."

Alikuwa Bi Mejumaa, mjane mwembamba mwenye leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani, mtu wa Kwale ambaye mumewe alifanya kazi reli na kumwachia nyumba ile na majirani wa kila kabila. Shifa akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaulizwa hali, na mama hajambo, na nyumbani wote wazima, na saumu yaendaje, na kila swali likapata jibu lake kabla halijafuatwa na jingine. Hakuna haraka ya Winnie inayoweza kufupisha maamkizi ya Bi Mejumaa.

Juu ya meza palikuwa na mabakuli matatu ya kioo, mdomo wa dhahabu, yakisubiri kujazwa.

Shifa aliyatambua. Angeweza kusema palepale, hivi ni vyangu, nipe. Lakini ulimi wake ulipenda njia ya mzunguko. "Mashallah, mama, mabakuli mazuri haya. Umeyapata wapi?"

"Hayo?" Bi Mejumaa akacheka kwa furaha hasa. "Hayo nimelipwa, mwanangu. Hebu keti nikuhadithie. Hapa kwetu mwezi huu sahani hazikai. Mimi nikipika, nawapelekea wote, wanaofunga na wasiofunga. Kila mmoja ameandika jina lake kwa rangi ya kucha chini ya sahani, ndipo ujue chombo kimetoka kwa nani na urudishe wapi. Sasa yuko mtoto wa ghorofa ya tatu, Nekesa, mtoto mzuri, ananibebea maji. Lakini sahani! Ikipanda kwake haishuki. Saba, mwanangu. Sahani zangu saba ziko juu. Kudai siwezi, haya inanishika. Nikawa nanung'unika tu hapa ngazini, kwa sauti kidogo, apate kusikia."

"Akasikia?"

"Akasikia! Alhamisi iliyopita natoa salamu, nageuka, nakuta boksi ndani ya mlango. Jina juu, Nekesa. Nafungua, vyombo vipya vya kupendeza! Nikajua mtoto ameona haya, sahani zangu amezivunja, amenilipa kwa vizuri zaidi. Nikampandishia tambi katika moja ili kushukuru. Nilipokutana naye ngazini nikamwambia Mungu akuzidishie, akaniambia amina. Bakuli, bila shaka, halijarudi."

Kitsao, aliyesimama mlangoni na kofia yake, akapata kikohozi cha ghafla akatoka nje.

Shifa hakucheka, ingawa ilimgharimu. Aliona kosa lilivyopita mkono kwa mkono. Yeye aliandika jina tu. Kitsao alikwepa ngazi. Na katika jengo ambalo jina kwenye chombo ni la mwenye kukitoa, mama huyu alisoma alivyozoea kusoma. Kisha akamtazama Bi Mejumaa anavyoyafuta mabakuli kwa ncha ya leso, na kicheko kikamkauka. Amwambie nini? Kwamba siku saba za mwezi mtukufu amekuwa akilisha jengo zima kwa mali ya mtu? Mzee kama huyu asingeweza kulala. Pengine asingepeleka tena sahani kwa mtu. Hilo Shifa hakulitaka, hata kama ni kuliokoa jina lake.

Lakini jina nalo alilitaka. Saa ilikuwa tisa na nusu.

"Mama," alisema, akaifanya sauti yake ile ya birika, "kwetu Mji wa Kale tuna desturi. Ya wazee wa zamani sana. Jirani akikupa vyombo vipya, mzunguko wa kwanza vyote humrudia mwenyewe. Vyote kwa siku moja, vimejaa. Ndipo baraka inashika."

Bi Mejumaa aliacha kufuta. Akamtazama Shifa usoni, akaitazama kofia ya pikipiki mkononi mwa Kitsao aliyekuwa amerudi mlangoni, akatazama boksi tupu pembeni lililokuwa bado na jina la Nekesa.

"Ya Mji wa Kale," alisema.

"Ya Mji wa Kale kabisa."

"Mimi nimekaa kisiwa hiki miaka arubaini na mbili." Akavuta bakuli la kwanza. "Haya. Desturi ni desturi. Mabakuli mawili yako ghorofa ya kwanza na ya pili. Huyo bwana mwenye kofia ayafuate."

Alasiri ile Kitsao alipanda ngazi kwa ajili ya siku zote ambazo hakupanda. Alipanda kufuata bakuli la ghorofa ya kwanza, akarudi na maswali ya mwenyewe kuwa mbona linachukuliwa. Akapanda ya pili, likakutwa na uji, akangoja lioshwe. Akatumwa dukani kununua sukari. Bi Mejumaa alijaza mbaazi za nazi, viazi vya nazi, tambi, kaimati zinazong'aa shira, na samaki wa kupaka, akifunika kila bakuli na kuliambia bismillahi. Shifa alikaa na mikono mapajani. Aliombwa akune nazi, akajikata kidole, akaombwa akae tu.

Saa kumi na moja kasorobo Nekesa alirudi kutoka kazini, na saa kumi na moja mlango wake ulibishwa. Alikuta mwanamke mwenye buibui na bakuli mkononi, na nyuma yake dume la masharubu, jasho tele, amebeba sinia la mabakuli manne.

"Wewe ni nani?"

"Mwizi," alisema Shifa. "Naweza kuingia?"

Sauti ile ikamfichua. Nekesa alifungua kinywa, naam, alikuwa na maneno ya kutosha wiki nzima, lakini mabakuli yalishaingia na kupangwa mezani, na harufu nayo ikaingia. Shifa akaenda moja kwa moja kwenye karai la vyombo, akachukua bakuli la sita, lililooshwa na kugeuzwa chini, akaliweka pamoja na wenzake.

"Hesabu, habibty."

Nekesa akahesabu. Akahesabu tena. Akaelewa, na uso wake ukageuka. "Kumbe ni nyanya wa chini! Alikuwa nazo wakati wote! Yaani mzee mzima anaiba..."

"Fungua kabati," Shifa akasema.

"Kabati gani?"

"Hilo lenye sahani saba zilizoandikwa Mejumaa kwa rangi ya kucha."

Yule mwanamke wa makontena, asiye na wakati wa kubembelezwa, akasimama kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Alifungua kabati. Sahani zilikuwa zimepangwa vizuri, safi, na juu yake ametandaza kitambaa.

"Sikuzivunja," alisema, na sauti imeshuka. "Sikuziiba pia. Ya kwanza ilipokuja, mtu aliniambia huku kwenu sahani hairudi ikiwa tupu. Sasa mimi ningeweka nini? Hizo vitu zenu za nazi siziwezi. Nilijaribu kaimati, ikatoka kama mawe. Nikasema, nitarudisha nikipata kitu ya maana. Halafu ikaja ya pili. Ya tatu. Kila nikisikia hodi, moyo inaruka, nasema Mungu wangu, sahani nyingine. Yeye ananilisha, mimi najificha. Unajua ile aibu?"

Shifa akacheka sana, mpaka akashika meza. "Nkwambie kitu? Mama yule anaamini mabakuli haya ulimlipa wewe. Sikumwambia vingine, na wewe usimwambie. Humu ndani una nini, cha kwenu?"

Nekesa alifikiri. "Njugu. Mamangu ametuma debe kutoka Bungoma. Lakini njugu tu ni zawadi kweli?"

"Zikaange."

Zikakaangwa na chumvi, sahani saba zikajaa, na Kitsao akapanda na kushuka mara mbili za mwisho. Kutoka chini ikasikika sauti ya Bi Mejumaa, "Ee! Njugu! Mwanangu we!" Nekesa akasikiliza toka juu ya ngazi akifuta macho kwa mkono wa shati, akidai ni moshi.

Kisha akachukua simu. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika nne. Alipiga picha ya meza yake, akaandika katika kundi la Winnie: *Bakuli zangu sita zimefika. Zote zimejaa chakula. Huyu mama si mwizi.*

Adhana ilipolia, Shifa alifungua kwa tende mbili na kaimati ya Bi Mejumaa, amekaa sakafuni kwa mteja wake, na akasikia raha ambayo hakuna birika lililowahi kumpa.

Raha hiyo ilidumu mpaka asubuhi. Alipoamka alikuta jumbe mia na arubaini. Wanawake wa kundi walikuwa wameiona picha na kuelewa walivyotaka kuelewa. Yule wa Likoni alitaka mabakuli yanayokuja na mbaazi. Wa Tudor aliuliza kama samaki anaweza kubadilishwa kwa kuku. Wa Mtwapa alikuwa ameshalipa. Shifa alishinda mchana kutwa akieleza kwa sauti yake tamu kwamba yeye huuza vyombo, habibty, vyombo vitupu.

Alasiri Kitsao akabisha hodi, ameshika kitu kilichofunikwa kwa kawa.

"Umetumiwa na Bi Mejumaa. Amesema nikwambie, desturi ile ya Mji wa Kale, ya vyombo vyote kumrudia mwenyewe, amewauliza wazee watatu wa Mji wa Kale na hakuna aliyewahi kuisikia. Amesema jina kwenye boksi alilisoma mara ya pili uliposema uongo wako, akajuta, akamwomba Mungu msamaha, na anakushukuru kwa kumsitiri kwa adabu. Basi hii ni futari yako."

Ilikuwa sahani ya mbaazi na mahamri manne. Shifa aliila na mamake, wakailamba. Alipoigeuza kuiosha akaona maandishi mekundu ya rangi ya kucha: *Mejumaa*.

Akatazama nyumba. Kulikuwa na sahani mia tatu ngazini, sufuria za kila kimo, bilauri mpaka darini. Hakukuwa na kitu cha kutia ndani ya hii moja. Alimwendea mamake na uso wa unyenyekevu.

"Imekuja kwa jina lako," mamake akasema bila kuinua macho kutoka kwenye msahafu. "Ijaze wewe."

Siku ya kwanza Shifa alijaribu viazi vya nazi, akaita watu wa taka. Siku ya pili alikaanga mayai, akaona haya. Siku ya tatu aliifunika sahani kwa kitambaa, akaitia kabatini nyuma ya hotpoti, na aliposikia hodi mlangoni moyo wake ukaruka.

Jioni ile simu ikalia. Ujumbe wa sauti, namba ngeni, maamkizi marefu kwanza, ya mama na ya nyumbani na ya saumu. Kisha Bi Mejumaa akasema, taratibu kama anayepaka siagi, "Habibty, sahani yangu sijaiona. Mtoto wa juu amenipa namba ya huyo Winnie wenu. Una mpaka kesho saa kumi na mbili."